Maji Yako Kwenye Mstari: Shajara ya Kupima Mtumba wa Kifahari, Nakuru hadi Kisumu

Wiki ya 1, Jumamosi. Nakuru

Sacco imejibu. Mkopo ukijumlishwa na pesa za Probox tuliyouza, nina 1,850,000. Katika hizo, 200,000 nimezitenga kwa matengenezo tu, hazitaguswa kwa jambo jingine mpaka gari jipya (jipya kwetu) limalize miezi mitatu nyumbani. Mke wangu ameweka masharti yake: gari dogo, rahisi kugeuza pale kazini kwake, lisiwe Probox wala Fielder, na likiegeshwa mbele ya kanisa lisiombe msamaha. Sharti langu ni moja tu: kila mwisho wa mwezi twende Ahero kwa wazazi wake na kurudi bila kumpigia fundi simu njiani.

Majina matatu yalifika mezani: BMW 116i, Audi A3 na Lexus CT 200h. BMW imeondoka leo leo. Mke wangu alikaa kiti cha nyuma cha gari la jirani, akatazama ile nundu ya shafti iliyopita katikati ya sakafu, magoti yakagusa kiti cha mbele, akashuka bila kusema neno. Nimefuta mstari.

Daftari nimelichora safu tatu: nilichoambiwa, nilichoona, nilichothibitisha. Miaka kumi na minne ya kusahihisha hesabu imenifunza safu ipi ina maksi.

Wiki ya 1, Jumatano usiku

Nimesoma kuhusu A3 mpaka saa sita. Iliyo ndani ya bajeti yangu ni ya kizazi cha tatu, kile kilichotoka mwaka 2012. Injini yake ya 1.4 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hainitishi. Kizazi kilichotangulia kilikuwa na 1.4 ya cheni ya kuendesha vali, na cheni zile zilikuwa zikinyooka mapema na kuwatia watu hasara. Hii mpya inatumia mshipi.

Kinachoninyima usingizi ni gia. Ni ile otomatiki ya gia saba yenye klachi mbili kavu: klachi moja inashika gia ya 1, 3, 5 na 7, nyingine inashika 2, 4, 6 na ya kurudi nyuma. Kavu maana yake hazikai ndani ya oili, kwa hiyo joto halina pa kwenda haraka. Novemba 2013 Volkswagen, ambao ndio wenye Audi, waliita duniani kote magari takriban milioni 1.6 yenye gia ya aina hii ili yatolewe oili ya sintetiki na kuwekewa ya madini, kwa sababu ile ya kwanza ingeweza kuleta shoti ya umeme ndani ya gia, hasa kwenye nchi za joto na unyevu. Nilivyosoma "joto na unyevu" nikaiona Kisumu saa nane mchana.

Hiyo haimaanishi kila A3 ni mbovu. Inamaanisha nikae ndani ya gari lenyewe, kwenye mlima, nyuma ya lori.

Wiki ya 2, Jumamosi. Yadi moja, upande wa Lanet

A3 ya 2014, rangi ya fedha, safi ya kukutia aibu kwa viatu vyako. Bei 1,690,000. Niliweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimiana vizuri: moto. Gari lililokuwa "halijawashwa tangu juzi" lilikuwa moto kama jiko.

"Tulilisogeza kidogo tu, mwalimu," akasema kijana wa yadi.

Nikamwambia nitarudi Jumatatu saa moja asubuhi na nisikute mtu amelisogeza.

Kabla ya kuondoka niliinua boneti. Kuna karatasi ndogo ya gereji iliyobandikwa karibu na loki, ya kuonyesha oili ilibadilishwa lini. Imeandikwa kwa kalamu: 20W-50. Nikaisoma mara mbili. Oili hiyo ni ya Peugeot 504 ya babu yangu, Mungu amrehemu. Injini hii inataka oili nyepesi iliyofuzu viwango vya Volkswagen vya 502 00 au 504 00, na kitabu chake kinasema hivyo waziwazi. Oili nzito namna ile huchelewa kufika kwenye tabo asubuhi ya baridi, na asubuhi za Nakuru tunazijua. Aliyeiweka si lazima awe mwizi. Aliweka ile anayoweka kwenye kila gari.

Safu ya kwanza imejaa ukurasa mzima. Ya tatu ina mstari mmoja: oili si yake.

Wiki ya 2, Jumatatu

Saa moja kasoro, baridi. Boneti baridi. Lilianza vizuri, bila moshi wala mlio. Nilikuja na fundi wangu wa siku nyingi, aliyekuwa akinitengenezea Probox, na mashine yake ya kusoma kompyuta ya gari. Akachomeka chini ya usukani. Hakuna hitilafu hata moja. Kijana wa yadi akatabasamu.

Fundi hakutabasamu. Akaingia ukurasa mwingine, akanigeuzia kioo. Kompyuta ya gari hujipima yenyewe: sensa za oksijeni, katalisti (kisafisha moshi), mfumo wa mvuke wa petroli. Kila kipimo kikikamilika huwekewa alama. Ukifuta hitilafu, alama hizo hufutika nazo, na gari linahitaji kuendeshwa siku kadhaa kabla zirudi zote. Hapa karibu zote zilikuwa hazijakamilika.

"Mwalimu, kodi zimefutwa," akaninong'oneza. "Juzi au jana."

Yeye huziita kodi zile alama za hitilafu, na kweli, mwishowe mtu huzilipa.

Bado nilitaka kulipeleka mlimani. Kijana alikubali, mafuta yangu. Tulitoka Nakuru tukapanda kuelekea Salgaa na Mau Summit, na bahati nzuri (kwangu) tukanasa nyuma ya trela mbili zinazokwenda mwendo wa mtu mwenye mzigo. Hapo ndipo gari la aina hii husema ukweli wake. Otomatiki ya kawaida ina kifaa cha oili kati ya injini na gia, kinavumilia kutambaa. Hii ni lazima klachi iteleze kidogo kidogo, ishike, iachie, ishike. Dakika kumi za mwanzo, kimya. Kisha kila nilipotoka ya kwanza kwenda ya pili, nikahisi mtetemo chini ya kiti, mfupi, kama kuku anayekung'uta maji. Nikasimama kando, nikarudi nyuma kupanda mwinuko: mtetemo tena, mrefu zaidi. Gia ya pili na ya kurudi nyuma ziko kwenye klachi moja. Nikatazamana na fundi kwenye kioo.

Tuliporudi yadi nilishukuru nikasema hapana. Kijana akanipunguzia laki moja papo hapo, kisha laki na nusu. Mtu anayepunguza kabla hujaomba anajua jambo usilolijua, au anajua kwamba umeshalijua.

Sitaandika kwamba A3 ni gari baya. Ningepata moja yenye kumbukumbu kamili za huduma na klachi mpya yenye risiti, ningerudi mezani.

Wiki ya 3

Hakuna gari. Mitihani ya kati ya muhula. Nimesahihisha karatasi 140.

Wiki ya 4, Ijumaa

Mke wangu amepata kupitia mfanyakazi mwenzake: Lexus CT 200h ya 2013, iko Kisumu, mtaa wa Milimani, mwenyewe ni muuguzi anayehamia Uingereza. Iliingia nchini 2020. Hapo hesabu ya umri inakubali, kwa sababu Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Anataka 1,750,000.

Nimesoma usiku. Lexus waliitoa CT mwaka 2011, wakaacha kuitengeneza 2022, na chini ya ngozi yake ni Toyota Prius ya kizazi cha tatu: injini ileile ya 1.8, mfumo uleule wa haibridi (petroli na mota ya umeme pamoja), betri ya nikeli chini ya sakafu ya buti. Haina stata, haina oltaneta, haina mkanda wa feni. Vitu ambavyo havipo haviharibiki, na hilo limenipendeza sana. Vilivyopo ndivyo vya kupimwa.

Nilimuuliza fundi kama anaijua. "CT sijaifungua. Prius nimefungua mpaka nimechoka." Kisha akacheka: "Hiyo ni Prius iliyoolewa kwa matajiri, mwalimu." Kwangu hilo lina uzito kuliko makala yoyote niliyosoma. Spea zake ziko Nairobi, Kirinyaga Road, zinafika Nakuru na gari la usiku, na mtu wa kuzifunga yuko mtaa wa tatu kutoka kwangu.

Wiki ya 5, Ijumaa na Jumamosi. Kisumu na Ahero

Nilifika Milimani saa kumi na moja jioni. Muuguzi alinikaribisha kwa chai, akaleta kopo la biskuti lenye karatasi zote. Karatasi ya mnada wa Japani: gredi 4, hakuna alama ya R ya gari lililogongwa na kutengenezwa. Cheti cha kusafirishia nje kinaonyesha kilomita 61,000. Risiti za hapa nchini zinapanda kwa mpangilio: 68,000, 77,000, 85,000, mpaka 109,000. Dashibodi inasoma 112,340. Kwa mara ya kwanza safu ya tatu imejaa kabla ya ya kwanza.

"Dada, naomba jambo la ajabu kidogo," nikamwambia. "Naomba nichore mstari kwenye chupa ya maji ya injini, gari lisiwashwe usiku huu, nije alfajiri niliwashe mimi."

Alicheka, akasema wanunuzi wawili waliopita walikagua redio.

Sababu ya ombi lenyewe ni hii. Injini hii ina EGR, yaani mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ili injini ichome kwa joto la chini zaidi. Moshi huo hupitia kipoza chembamba, na miaka ikipita masizi hukiziba. Mafundi wengi wa Prius wanahusisha kuziba huko na kuungua kwa gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku yake). Gasketi ikianza kulegea, haisemi mchana. Usiku, injini ikipoa, maji hupenya taratibu mpaka ndani ya silinda. Asubuhi ukiwasha, injini hutikisika vibaya sekunde chache, kama mtu mwenye homa ya malaria, halafu inatulia na kutwa nzima haisemi tena. Muuzaji akiliwasha kabla hujafika, hutajua kamwe.

Nikachora mstari kwa kalamu ya wino mzito, pembeni nikaandika tarehe. Maji ni ya waridi, rangi yake halisi, hayajachanganywa na ya bomba. Nikalala Ahero. Baba mkwe aliuliza kama nimekuja kununua gari au kulilinda.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilikuwa langoni. Nilipofungua mlango wa dereva, pampu ya breki ikanguruma sekunde tatu hivi, ikanyamaza. Hiyo ni kawaida, hujaza shinikizo. Nikakaa kimya dakika mbili kusikiliza kama itarudi yenyewe, maana ikirudi kila mara ina maana shinikizo linavuja ndani, na kile kifaa cha breki ni ghali sana. Haikurudi.

Maji: kwenye mstari. Nikabonyeza kitufe. Taa ya READY ikawaka, kimya. Sekunde saba, injini ikaamka. Nilikuwa nimeweka sarafu ya shilingi ishirini imelala juu ya kifuniko cha injini. Haikusogea. Chupa ya pili, ya maji ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa), nikaiangalia kwa tochi: yanazunguka, pampu yake inafanya kazi.

Kisha betri. Nina kidude cha Bluetooth cha kuchomeka na programu ya simu. Betri ya CT ina moduli 28, volti 201.6 kwa jumla, na kompyuta inazisoma kwa makundi 14 ya moduli mbilimbili. Zikiwa tulivu zote hufanana, hazina cha kukuambia. Tukapanda Riat kuelekea Kiboswa, fundi wa Kisumu niliyeelekezwa akiwa ameshika simu, mimi nikikanyaga mafuta, muuguzi kiti cha nyuma akishika kamba ya mlango. Tofauti kati ya kundi lenye volti nyingi na lenye chache ilifika 0.34 kwenye mwinuko mkali, ikashuka tulipotulia. Fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika: angeogopa kuona moja nzima, au kundi moja likianguka peke yake kila mara. Kushuka nikaweka gia kwenye B (ya kuteremkia mlima), injini ikashika mwendo, betri ikajaa.

Lakini joto la betri halikunipendeza. Tulianza nyuzi 34, tukafika Kiboswa ikiwa 47, na asubuhi ilikuwa bado changa. Betri hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inavutwa na feni kupitia tundu pembeni mwa kiti cha nyuma. Nikaweka karatasi ya choo kwenye tundu: ilining'inia kivivu tu. Muuguzi akakumbuka paka wake. Walipoishi Mamboleo paka alilala kiti hicho.

Kwenye buti kitu kingine. Betri ndogo ya volti 12 ilikuwa ya kawaida, ile ya kufungwa chini ya boneti. Hii hukaa ndani pamoja na abiria, kwa hiyo inatakiwa iwe iliyofungwa yenye bomba la kutoa gesi nje. Gereji fulani ilimfungia mwaka jana wakamwambia ni sawa.

Hitilafu kwenye kompyuta: hakuna, na vipimo vyote vimekamilika.

Wiki ya 5, Jumapili

Mezani kwa baba mkwe tumepiga hesabu. Kusafisha EGR na njia zake, betri ndogo mpya, kufungua feni na kuisafisha: fundi wangu anasema 52,000 pamoja na kazi. Betri kubwa ikifa, yenye moduli zilizokarabatiwa anakadiria laki moja na nusu. Kwa A3 aliniambia klachi na kifaa cha gia vikienda pamoja, laki mbili hazitoshi. Kwa hiyo akiba yangu ya 200,000 inafunika betri kubwa ya CT ikifa, lakini klachi na gia za A3 haizifuniki. Hapo nilifunga hoja ya A3 mwenyewe, bila kumlaumu Mjerumani.

Nimemtajia muuguzi 1,620,000. Tumekutana 1,650,000.

Wiki ya 6 na ya 7

Kikwazo ambacho sikukiwaza. Nilipekua rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya serikali: logibuku (hati ya umiliki) ina majina mawili, la muuguzi na la benki. Mkopo aliumaliza mwaka juzi akadhani yameisha. Hayaishi mpaka benki ijiondoe. Tumesubiri siku kumi na moja. Ningemlipa kwa imani siku ile ya chai, ningekuwa na gari la benki.

Wiki ya 8, Jumanne. Nakuru

Gari liko gereji. Fundi amefungua kipoza cha EGR na kunionyesha: matundu ya upande mmoja yameziba masizi meusi yaliyoshikana kama lami, ya upande mwingine mwanga unapita kwa shida. Amekilowesha usiku kucha. Feni ya betri ilikuwa imevaa manyoya ya paka kama koti. Tumeisafisha kwa mswaki wa zamani wa mtoto.

Kupanda Mau Summit baada ya hapo, watu wanne ndani na gunia la viazi kwenye buti: betri haikuvuka nyuzi 40. Karatasi ya choo sasa inanata kwenye tundu.

Wiki ya 8, Jumapili

Nakuru, Ahero, Nakuru. Lita moja imetupa kilomita 18.6, kwa hesabu ya pampu si ya dashibodi. Dashibodi ilidai 20.1. Baba mkwe alilizunguka mara mbili, akapiga tairi teke, akauliza kwa nini halina sauti.

Mke wangu ameomba niache kufungua boneti kila asubuhi. Majirani wameanza kuuliza gari lina nini. Nimekubali kuwa mara moja kwa wiki, Jumatatu.

Maji yako kwenye mstari.